Kilima cha Alhamisi Kule Balsall Heath

Kwanza niwatoe wasiwasi: sitasema kwamba sisi wa zamani tulifanya kazi kwa bidii kuliko nyinyi. Tuliwazidi kwa kunywa chai tu. Wapo kati yenu walioniuliza, kwa ile adabu inayoficha kicheko, mwanamke wa Tanga alifikaje kuwa fundi wa vipimo vya hewa katika chuo kimoja cha Birmingham. Chuo chenyewe sikitaji, maana bado wananialika kwenye sherehe zao na vitafunio vyao si haba. Jibu ni fupi. Mimi nilimfuata mume, mume aliifuata kazi, na kazi ikamkimbia. Ikabidi mmoja wetu apate nyingine upesi, na mwenye cheti cha ufundi nilikuwa mimi.

Nimepanda mapaa ya majengo nikiwa na baibui na mkanda wa usalama juu yake. Nimefukuza njiwa waliotaga ndani ya kipimo cha mvua, halafu nikalaumiwa na mlinzi kwa kuwaonea njiwa. Nilipoanza, joto la siku liliandikwa na kalamu ya wino juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa dogo, na kila kanga niliyokuwa nayo ilikuwa na doa la zambarau. Siku hizi mnanionyesha kipimo kinachoingia mfuko wa shati, mnaniuliza kama si maajabu. Ni maajabu. Ila bado kinahitaji mtu wa kukiweka mahali pa busara, na hapo ndipo hadithi zangu zote zinapoanzia.

Mmeniomba niandike habari za programu ya kiangazi, kwa kuwa nanyi wanafunzi wapya mnaanza kiangazi chenu. Basi tulieni.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, mwanzo mwanzo huko. Ukipita korido ya idara yetu ulikuta picha za mabingwa wa sayansi ya anga, wamepangwa ukutani toka mlangoni mpaka chooni. Wote wanaume, wote Wazungu, wengi wao na ndevu. Profesa Whitlock, mkuu wetu, mtu mrefu mwenye sweta la kudumu, alisimama pale siku moja akasema kwa Kiingereza chake cha upole kwamba picha zile zinafanana na za familia moja. Nikamwambia familia yenyewe haijajaliwa hata binti mmoja. Akacheka, lakini likamkaa. Mwaka uliofuata tukawa na programu: wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka jamii ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye korido ile, kila mmoja apewe msimamizi, swali lake mwenyewe na kipimo chake, afanye utafiti kiangazi kizima, halafu mwisho asimame mbele ya idara aeleze alichokiona.

Kwenye karatasi, kazi yangu ilikuwa vipimo. Kwa kweli kazi yangu ilikuwa wazazi. Wazazi wetu wa Kiswahili, wawe wa Mombasa, Bujumbura au Temeke, wakiambiwa mtoto anasoma sayansi ya anga wanamwona kwenye televisheni akinyoosha mkono juu ya ramani, akitangaza mvua. Baba mmoja wa Aston alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akaniambia, "Dada, hapa Birmingham kesho mvua. Kesho kutwa mvua. Nipe na mimi hiyo digirii." Mwanawe hakuja.

Neema alikuja. Alizaliwa Northfield, pembeni mwa jiji hili hili, mama yake Mkenya, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa kifua. Neema alikuwa anasoma fizikia, msichana mwembamba mwenye kucheka kwa kelele, Kiswahili anakisikia chote lakini jibu linatoka kwa Kiingereza. Mama yake alimleta mwenyewe siku ya kwanza, akanivuta pembeni karibu na mashine ya kahawa.

"Dada Rukia, mimi si mtu wa kuharibia mtoto ndoto," aliniambia. "Lakini kuna place ya pharmacy amewekewa, college ingine. Wanataka answer summer ikiisha. Nimempea hii summer moja tu. Akipata kitu ya maana kwa hiyo hewa yenu, sawa. Akikosa, anaingia pharmacy na hatuongei hii maneno tena."

"Kitu cha maana ni kipi?" nikamuuliza.

"Nitaijua nikiiona."

Nilimtazama Neema. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye mashine ya kahawa kana kwamba ni barua ya mapenzi. Mama alipoondoka alinisogelea akasema, "She means it, Auntie. Mum doesn't do maybe." Nikamwambia aache kunung'unika, abebe lile sanduku la bisibisi. Mwanafunzi mpya usimpe karatasi asome. Mpe bisibisi, akaze kitu, akikosea, akikaze tena. Mikono ikishughulika moyo hutulia.

Lakini kabla sijafika mbali lazima niwaambie kuhusu Stan. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, fundi mzee mzaliwa wa papa hapa, aliyemwita kila mtu "bab", yaani kipenzi kwa lahaja ya hapa, hata Profesa. Stan alikuwa na tabia moja iliyonitia wasiwasi wiki yangu ya kwanza: alinusa kila kitu. Waya ukikatika, ananusa. Pampu ikigoma, ananusa. Sandwichi yangu aliinusa pia, lakini hiyo ilikuwa njaa. "Have a sniff, bab," alikuwa akiniambia, "before you have a think." Nilidhani ni kichaa. Baadaye nikagundua kwamba waya ulioungua una harufu yake, panya ana harufu yake, na maji yaliyoingia ndani ya kifaa wiki iliyopita yana harufu yake, na yote hayo pua inakuambia kabla hujafungua kompyuta. Stan alishastaafu na kufariki Neema alipofika, na mimi nilikuwa nimerithi mkasi wake na tabia yake.

Swali la Neema lilikuwa hili: je, hewa ya mtaa wenye mikahawa mingi na magari mengi ina vumbi na moshi kiasi gani, ukilinganisha na mtaa uliotulia? Kwa hiyo tulihitaji masanduku mawili. Sanduku lenyewe lilikuwa jeupe, la ukubwa wa microwave, lina mrija juu unaovuta hewa kwa pampu. Ndani yake mwanga unazihesabu chembe zinazopita, halafu chembe hizo zinanaswa kwenye chujio cha duara, kama sarafu. Pampu inanguruma usiku na mchana, na namba zinatufikia kwenye kompyuta ya idara kwa waya wa simu. Moja tuliliweka nyuma ya nyumba ya mama yake, Northfield kulikotulia, ili tuokoe safari. La pili nililipeleka Balsall Heath, mtaa wa mikahawa, kwa rafiki yangu Bi Zuhura.

Northfield tulipata matokeo ya ajabu sana. Siku za mwanzo namba zilikuwa za kawaida, kisha zikaanguka mpaka karibu na sifuri. Neema alifurahi, akasema Northfield ina hewa safi kuliko mlima wowote ule duniani. Profesa Whitlock alikuna kidevu. Mimi nikapanda basi. Nilipofika nyuma ya nyumba nikalikuta sanduku limevikwa duveti, blanketi nene la mtoto lenye picha za sungura, limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kufunga bandeji.

"Inanguruma!" Mama Neema alinifungulia mlango akiwa na kofia ya kulalia. "Mimi natoka night shift, nataka kulala, hiyo kitu inaniimbia kwa dirisha. Si nimeifunika vizuri? Hata mvua haiwezi ingia."

"Hata hewa haiwezi kuingia, dada yangu."

Alilitazama duveti. "Sasa si ungeniambia inataka hewa?"

Tukalihamishia upande wa pili, chini ya dirisha la jikoni, na duveti likarudi kabatini. Wiki zile za mwanzo zikawa zimepotea. Neema alikasirika na mama yake kwa simu, kwa sauti ya chini kwanza, kisha ya juu, na nikamsikia mama akijibu kwamba dawa za pharmacy hazingurumi.

Ndiyo maana tulimshukuru Mungu kwa Balsall Heath. Balsall Heath ilikuwa na kilima.

Bi Zuhura ni mtu wa Unguja, mjane, mwenye nyumba ndogo ya matofali mekundu katikati ya mikahawa ya balti, ule mchuzi wa Kipakistani, na ua wa nyuma unaotosha mtu, baiskeli na sanduku letu. Alilipokea kwa bashasha. Alilipangusa vumbi. Aliwaonyesha majirani. Na namba zilipoanza kuja, tukaona jambo: siku zote za wiki mstari wa grafu unakwenda kwa kupandapanda na kushukashuka kidogo, kawaida, halafu Alhamisi alasiri unaruka. Unapanda wima, unafika juu ambako hakuna kitu kingine kilichofika, halafu unashuka taratibu. Alhamisi iliyofuata, tena. Na iliyofuata.

Neema alikibandika kilima kile ukutani juu ya meza yake. "That's it, Auntie. That's my thing." Profesa Whitlock alikuja akakitazama, akaleta kiti akakaa, akaendelea kukitazama. Dhana yake ilikuwa malori: mikahawa inajiandaa kwa wikiendi, Alhamisi mzigo wa nyama na gesi na mchele unashushwa, malori yanasimama na injini zinawaka. Ni dhana nzuri, na msije mkamcheka. Tuliifanyia kazi. Mimi, Neema na Profesa tulisimama Ladypool Road, barabara ya mikahawa ile, Alhamisi nzima na kalamu, tukayahesabu malori. Profesa, mtu wa sayansi kamili, alisema haiwezekani kusimama nje ya mkahawa muda wote huo bila kuingia, wenye mkahawa wataona vibaya. Tukaingia. Alhamisi iliyofuata tukaingia wa pili. Kiangazi kile sweta lake lilimbana.

Malori hayakuwa mengi Alhamisi kuliko siku nyingine. Profesa akasema pengine ni makubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa na pua.

Siku ya kubadilisha chujio nilikwenda na Neema. Kawaida ni kazi ya kibano na bahasha, unakwenda na kurudi. Nikamwambia, "Kabla hujakiweka ndani ya bahasha, kinuse."

"Auntie, what?"

"Kinuse."

Alikinusa huku amefumba jicho moja, kama mtu anayeonja dawa. Kisha akakinusa tena, macho yote wazi. "It's nice," alisema. "It's not diesel. It's like... wood? Posh wood. Like that shop on Coventry Road with the perfume oils."

Nikakichukua nikanusa. Wanangu, nilijua papo hapo. Ni harufu niliyoolewa nayo. Nilikaza midomo nisicheke, nikamwangalia mtoto yule wa Northfield, Mkristo mwema wa kwaya, ambaye kwao Alhamisi ni siku ya kutoa pipa la taka, nikaona nisimwambie. Mtu akiambiwa, amesikia tu. Nikamwambia, "Mwenye ua ni nani? Basi kamuulize. Njoo Alhamisi, tuje mapema, tunywe chai."

Tukaja. Bi Zuhura alitukalisha jikoni, akatumiminia chai ya tangawizi, akatupa visheti. Baada ya kuswali alasiri alitoka chumbani na chetezo, makaa yamewaka, akatia vipande vya udi na ubani kidogo, moshi ukapanda. Mnajua nyinyi mliolelewa hivyo: Alhamisi, mkesha wa Ijumaa, nyumba lazima inukie. Kwao hufanywa magharibi inapoingia, lakini magharibi ya kiangazi cha Birmingham inakuja watu wameshasinzia, kwa hiyo Bi Zuhura alikuwa ameamua kumalizana nayo alasiri. Akapita sebuleni. Akapita ngazini. Akafukiza makoti ya wajukuu. Halafu, huku Neema akimfuata nyuma kama bata mtoto, akafungua mlango wa ua, akalizunguka sanduku letu taratibu, mdomo ukisoma dua, akakiweka chetezo chini ya mrija, hasa chini yake, akarudi jikoni kugeuza chapati.

Neema alimfuata mpaka jikoni.

"Bibi," alisema, "kwa nini... the box?"

Bi Zuhura alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, kitu kinapumua ndani ya nyumba yangu usiku na mchana, kikose udi? Mie sina roho hiyo. Na halafu," akashusha sauti akanigeukia mimi, "yule jirani wa kushoto anakitazama mno. Jicho lake silipendi."

Tulipotoka tulikwenda mpaka kituo cha basi. Mimi nilitegemea acheke. Badala yake alikaa kwenye kibenchi akafunika uso. "It's a lady, Auntie. My whole summer is a lady with a burner. What am I supposed to tell Mum?"

Hapo kicheko changu kilikatika, na niliumia kweli. Nilikuwa nimeliona kama jambo la kuchekesha, na kwake lilikuwa maisha yake.

Profesa Whitlock tulipomweleza alicheka mpaka akavua miwani, akazifuta, akacheka upya, kisha akaomba radhi. Akasema kwa haki kabisa kwamba kuna utaratibu wa mambo haya: kitu kikiwa si cha hewa ya mtaa, unaondoa saa zile kwenye takwimu, unaeleza umeziondoa, unaendelea. Neema akaziondoa Alhamisi. Na Alhamisi zilipoondoka, na wiki za duveti nazo hazipo, Balsall Heath na Northfield zikabaki mistari miwili inayokwenda sambamba kama watu wasiosemezana. Hapakuwa na kitu. Wasilisho lilikuwa limekaribia, na mama alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kuliona.

"I could just say lorries," Neema alisema siku ile karakana ikiwa na sisi wawili tu. Hakuniangalia. "Put the Thursdays back, say lorries. Who in that room knows about udi?"

Wanangu, sikumhubiria. Nilimpa pampu iliyokuwa inagoma nikamwambia aifungue. Akafungua skrubu moja, ya pili, akazipanga. Akiwa kwenye skrubu ya mwisho akasimama na bisibisi hewani. "If it's really her," alisema polepole, "then it shouldn't have to be Thursday."

Tulikwenda Balsall Heath siku hiyo hiyo. Neema alijikaza kwa Kiswahili chote alichonacho. "Bibi, please, unaweza kuacha udi Alhamisi moja? Just one?"

"Niache udi Alhamisi!" Bi Zuhura alishika kiuno. "Kwani mie nimekosana na nani? Siachi."

"Sawa. Basi unaweza kufanya Jumanne pia?"

"Jumanne? Kuna nini Jumanne?"

"Hakuna kitu, Bibi. That's the whole point."

Bi Zuhura alinitazama mimi, nikatazama dari. "Haya," akasema. "Jumanne nitawafukizieni. Lakini udi wa Jumanne mtanunua nyinyi, na Alhamisi iko pale pale."

Jumanne ile Neema hakula. Alikaa mbele ya kompyuta, mstari unajichora kidogo kidogo, kawaida, kawaida, mpaka alasiri. Ulipopanda alipiga yowe ambalo lilimtoa Profesa ofisini. Kilima kilikuwa pale, Jumanne, kizuri, kirefu, na hapakuwa na lori hata moja duniani la kukidai.

Hata hivyo alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa nayo pia. Kuthibitisha kwamba umekosea ni sayansi safi, lakini mama mtu alisema atakijua kitu cha maana akikiona, na mimi sikuwa na hakika kama bibi mwenye chetezo angehesabika.

Siku ya wasilisho nilipanga viti mwenyewe. Nilimkalisha Bi Zuhura safu ya mbele, baada ya kupekua mkoba wake mlangoni nikiogopa kengele ya moto. Mlikuwa na katlesi tu. Kisha Mama Neema akafika kutoka Northfield, yunifomu chini ya koti, uso umechoka. Nikamkalisha pembeni ya Bi Zuhura. Msiniulize kwa nini. Nilitaka kuona.

Neema alisimama.  Alionyesha kilima, akaeleza malori, akaeleza jinsi tulivyoyahesabu. Akasema wazi, "Tulikosea," na akalisema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Akaeleza habari za chujio, akaeleza kuhusu Alhamisi na mkesha wa Ijumaa kwa heshima ambayo ilinitia fahari. Halafu akaonyesha kilima cha Jumanne.

"Hicho changu!" Bi Zuhura alisema kwa sauti, akimgeukia Mama Neema na kumgusa goti. "Vyote viwili vyangu!"

Ukumbi mzima ulicheka. Maprofesa walipiga makofi, mmoja akauliza swali kuhusu mwanga wa ndani ya sanduku, mwingine kuhusu unyevu, Neema akajibu. Mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa namtazama Mama Neema, ambaye hakucheka wala kupiga makofi. Alikuwa amekunja uso, anaangalia kilima kama anavyoangalia mgonjwa. Kisha akainua mkono. Mkono wa muuguzi ukiinuka hata profesa ananyamaza.

"Hiyo machine ilikuwa nje," alisema. "Nje, kwa hewa. Na bado imefika huko juu. Sasa huyu mama ameanza ndani. Sitting room, stairs, hizo coat za watoto. Na hii nchi kila mtu amefunga dirisha. Ndani ilikuwa ngapi?"

Neema alirudi kukitazama kilima. "I don't know, Mum."

"Hujui?"

"I didn't measure inside. I only had the garden."

"Mimi napata hao watu kwa ward," mama alisema, na sasa alikuwa akisema na Neema peke yake. "Mama hajavuta sigara maisha yake yote, na kifua imeenda. Ya udi, ya jiko, ya mafuta, mimi sijui ni ya nini, tunaandika tu kifua. Kwa nini hukupima ndani?"

"Because summer's over," Neema alisema.

Bi Zuhura alikuwa ameacha kutabasamu. Nikaogopa ameona anashutumiwa mbele ya watu. Badala yake akamwambia Mama Neema kwa upole, kama wanaulizana bei ya ndizi, "Nina mjukuu ana pumu. Wakija kupima waje. Ila sebule waniache kwanza nipake rangi."

Watu walipotoka kwenda kwenye chai, Mama Neema hakwenda. Nilimkuta koridoni, chini ya wale wazee wenye ndevu, simu sikioni. Alikuwa anatumia Kiingereza chake cha wodini, kile kilichonyooka, ambacho mtu hathubutu kukikatiza. Mimi nawawekeeni kwa Kiswahili.

"Ndiyo, nafasi ya ufamasia, ya binti yangu," alikuwa akisema. "Hapana, ni mzima kabisa, asante. Hataweza kuja. Ana kazi." Akasikiliza. "Kazi ya moshi." Akasikiliza tena, muda mrefu kidogo, na nikaona anafuta jicho kwa mgongo wa mkono, upesi, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Hapana," akasema, "hata mwakani. Mpeni mtoto wa mwenzangu."